Kadi ya Robinson Iliyokatwa Kingo: Niliyojifunza Katika Kukusanya Kadi za Zamani za Besiboli

Tangu bei za kadi za wachezaji zilipopaa wakati wa korona, haupiti mwezi bila Mswahili mwenzangu hapa Ohio kunitumia picha ya boksi alilolikuta kwenye duka la mitumba, au kwenye nyumba aliyohamia, akitaka kujua kama ameokota dhahabu. Simlaumu. Agosti 2022 kadi moja ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, iliyochapishwa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6, na mwaka huohuo kadi ya Honus Wagner, mojawapo ya zile zilizotiwa ndani ya pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911, ikanunuliwa kwa dola milioni 7.25. Mtu anayesikia habari hizo akiwa zamu ya usiku ghalani lazima alitazame upya boksi lililokaa chini ya ngazi. Kisichosemwa ni namna kadi za aina hiyo zilivyo chache, namna zinavyoghushiwa, na kiasi cha fedha ambacho mtu wa kawaida hupoteza kabla hajajua anachokishika. Mimi nimepoteza fedha, nimejifunza, na bado naipenda shughuli hii kwa moyo wote, kwa hiyo nitaeleza nilikopita.

Niyamalize kwanza hayo maboksi. Sehemu kubwa ya kadi zinazookotwa siku hizi zilichapishwa kati ya 1987 na 1993 hivi, wakati Wamarekani walipokwisha kutambua kwamba kadi walizochezea baba zao zina thamani. Kila mtu alinunua maboksi akayaweka bila kuyafungua, na viwanda vikachapa bila kikomo. Kitu kilichochapwa kwa wingi kiasi hicho, kisha kikatunzwa na kila mwenye nacho, hakiwezi kuadimika. Jirani yangu mmoja aliyetoka Bujumbura, dereva wa malori, alitoa dola 600 kwa maboksi ya mwaka 1990 kwa sababu muuzaji alimwambia yamepita miaka thelathini. Tulipotafuta bei ambazo watu walikuwa wamelipa kweli kwa maboksi kama yale, hazikufika hata robo ya fedha yake. Umri peke yake haupandishi bei. Kadi za miaka ya hamsini ni ghali kwa sababu hakuna aliyezitunza: watoto walizibana kwenye spoki za baiskeli ili zitoe mlio, walizifunga kwa mipira ya kufungia iliyozikata kingo, na walipoondoka nyumbani mama zao wakazitupa pamoja na takataka nyingine.

Kama kadi uliyonayo haina mwaka uliochapwa, igeuze usome takwimu za mchezaji zilizo mgongoni mwake. Msimu wa mwisho ulioorodheshwa kwa kawaida ni wa mwaka uliotangulia kadi yenyewe, kwa hiyo kadi yenye takwimu zinazoishia 1955 aghalabu ni ya 1956. Hatua hiyo haina gharama.

Mimi nilikulia Tanga, ambako mpira ni soka, na nilipofika Columbus sikujua besiboli hata namna pointi zinavyohesabiwa. Kilichonivuta ni jambo nililoliona kwenye runinga ya chumba cha mapumziko kazini, mwezi wa Aprili: wachezaji wote wa timu zote mbili walivaa jezi namba 42. Nilimuuliza mzee mmoja Mmarekani mweusi tuliyekuwa naye zamu moja, naye akanieleza habari za Jackie Robinson, ambaye tarehe 15 Aprili 1947 aliingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers na kuvunja mwiko uliokuwa umewafungia watu weusi nje ya ligi kuu kwa zaidi ya miaka sitini. Kabla yake Moses Fleetwood Walker alikuwa amecheza ligi kuu mwaka 1884 katika mji wa Toledo, uliomo humuhumu Ohio, kisha mlango ukafungwa. Namba 42 ilistaafishwa kwa timu zote mwaka 1997, na kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote huivaa kwa heshima yake. Mzee yule alizungumza kwa namna ambayo watu wazima kwetu huwazungumzia wapigania uhuru, na tangu siku ile nilitaka kuwa na kitu kilichotengenezwa wakati Robinson mwenyewe bado anacheza.

Kadi za Robinson za enzi yake si nyingi. Ile ya kampuni ya Leaf inayohesabiwa kuwa ya 1948 na ile ya kampuni ya Bowman ya 1949 zina bei isiyofikiwa na mtu wa mshahara wangu. Ya Topps ya 1952, namba 312, ndiyo kabisa, maana imo katika kundi la mwisho la toleo lile, kundi ambalo halikununuliwa vizuri madukani. Sy Berger, aliyebuni toleo la 1952, alisimulia baadaye kwamba mwaka 1960 mabaki yake yalipakiwa kwenye jahazi la mizigo na kutoswa baharini, maana yalikuwa yanajaza ghala. Topps ilikuwa kampuni ya bablishi ya Brooklyn, watengenezaji wa Bazooka, na kadi ilikuwa chambo tu cha kuuzia bablishi. Mwaka 1956 iliinunua Bowman, mpinzani wake mkubwa, na mwaka huohuo ikatoa toleo la kadi 340 ambalo kwa macho yangu ndilo zuri kuliko yote. Robinson ni namba 30. Kadi imelala kwa upana: sura yake kubwa iko upande mmoja, na nyuma yake kuna picha yake nyingine ndogo akijitupa chini kwenye vumbi ili aguse kituo cha nyumbani, pale pointi inapopatikana. Huo ulikuwa msimu wake wa mwisho. Niliamua kwamba hiyo ndiyo yangu.

Niliinunua mwanzoni mwa 2021, wakati mbaya kuliko wote, kutoka kwa muuzaji binafsi niliyempata mtandaoni. Bei ilikuwa dola 430. Aliniambia nikimtumia fedha kwa njia ya kumtumia rafiki, badala ya njia ya malipo ya bidhaa, angenipunguzia dola 15, nami nikakubali. Wengi hawalitambui jambo hili, kwa hiyo naliweka wazi: baadhi ya huduma za kutuma fedha kwa simu na mtandao hapa Marekani hutofautisha malipo ya bidhaa na zawadi kwa ndugu au rafiki, na ukichagua njia ya ndugu umejivua kinga yote. Muuzaji anayesisitiza njia hiyo anakwambia, pasipo kusema, kwamba mambo yakiharibika utakuwa peke yako.

Kadi ilifika, nikaifurahia kama mtoto. Uso wake ulikuwa umechakaa kidogo, lakini pembe zake nne zilikuwa kali, zimesimama, na nilizichukua pembe hizo kuwa ushahidi kwamba nimepata kitu cha maana. Niliipeleka kwenye kampuni ya kupima kadi, zile zinazokagua, kutoa daraja kuanzia 1 hadi 10, na kuifungia kadi ndani ya kibao cha plastiki chenye lebo. Ada, posta na bima viligharimu dola 120 hivi. Kipindi kile kampuni zote zilikuwa zimeelemewa. PSA, kubwa kuliko zote, ililazimika kusimamisha sehemu kubwa ya huduma zake Machi 2021 kwa sababu ya mlundikano wa kadi. Nilisubiri miezi mingi. Kadi iliporudi haikuwa na daraja lolote, bali maelezo mafupi kwamba kingo zake zimekatwa. Mtu fulani, wakati fulani, alikuwa ameipunguza kwa wembe ili pembe zilizochakaa zionekane mpya. Nilimwandikia muuzaji; akajibu kwamba muda wa kurudisha bidhaa umepita na kwamba yeye aliipokea hivyohivyo. Sikuwa na pa kwenda kulalamika.

Sehemu ya fedha ile ilikuwa imetengwa kwa ajili ya bati za nyumba ya mama yangu, na kwa siku kadhaa nilishindwa kulisema jambo hilo nyumbani. Nilipolisema, mke wangu hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Baba Salma, ulijuaje kwamba ni nzima?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma habari za Robinson, bei za mnadani na historia ya Topps, lakini sikuwahi kushika mkononi kadi nyingine hata moja ya mwaka 1956. Nilikuwa nimenunua jina. Yote niliyoyafanya tangu hapo yametokana na swali lile.

Aliyenisaidia kulijibu ni mzee mmoja mwenye meza kwenye maonyesho ya kadi yanayofanyika ukumbini, pembezoni mwa Columbus. Sitaficha kwamba mara ya kwanza niliingia pale nikiwa na wasiwasi. Niliona wanaume wa makamo waliojuana miaka mingi, na lafudhi yangu iligeuza vichwa kila nilipofungua kinywa. Lakini nilipoitoa kadi yangu iliyokatwa na kuwaomba wanionyeshe palipokatwa, meza tatu nzima zilinikusanyikia. Watu hawa hupenda kufundisha kuliko wanavyopenda kuuza. Mzee alinitajia bei ya Robinson aliyekuwa naye, kisha akaninyima. "Kijana," alisema, "usimnunue huyu leo. Anza na hawa wasiojulikana na mtu." Akanisukumia kisanduku cha kadi za 1956 za wachezaji wa kawaida, zilizochakaa, dola tatu hadi tano kila moja. Nilichukua zilizotosha kushikika kwa kiganja.

Kama msomaji atachukua neno moja tu katika simulizi hii, achukue hili: kabla hujainunua kadi ghali, nunua kadi rahisi za toleo lilelile, za wachezaji ambao jina lao halina bei. Zilikatwa kwa mashine zilezile, kwenye karatasi ileile, kwa wino uleule, na hakuna mhalifu anayepoteza muda kughushi kadi ya dola tatu. Ndizo mwalimu, ndizo rula.

Naikumbuka vizuri ile ya kwanza niliyoikagua mezani kwangu usiku ule, ya mtupaji mpira wa timu ya Kansas City Athletics ambaye wala sikuwahi kumsikia. Ukingo wake, ukiutazama kwa lenzi ya kukuzia, haukuwa laini. Nyuzi za karatasi zilikuwa zimechomoza kidogo, na rangi ya uzee, ile ya chai hafifu, ilikuwa imefika mpaka mwisho wa karatasi na kuingia ndani ya unene wake. Niliweka kando yake ile ya Robinson. Ukingo wake wa kulia ulikuwa mweupe na laini, na ulijipinda ndani kidogo kuelekea juu, kama vile rula ilivyosogea mkononi mwa aliyekata. Nilipozilaza kadi kadhaa za kawaida na kuiweka ya Robinson juu yake, kwa upana wa uzi mmoja tu zile za chini zilichungulia. Kadi za Topps za 1956 zina inchi 2⅝ kwa 3¾, lakini viwandani hazikukatwa sawasawa kabisa, kwa hiyo tofauti ndogo ya kipimo peke yake haitoshi kuhukumu. Kinachohukumu ni dalili kadhaa kuonekana pamoja: ukingo mpya kwenye kadi ya zamani, na pembe kali kwenye uso uliochakaa. Uchakavu lazima ulingane. Kadi iliyochezewa na mtoto huchakaa pembe kwanza, kisha uso. Ikiwa uso umechoka na pembe ni nzima, mtu ameingilia kati.

Nakala za kughushi hugunduliwa kwa njia nyingine. Picha za kadi za zamani zilichapwa kwa nukta ndogondogo za rangi, lakini saini iliyochapwa juu ya picha, maandishi na mistari vilichapwa kwa wino mzito usiokatika. Mtu anayeghushi huipiga picha kadi nzima kwa skana na kuichapa upya, hivyo hata saini na herufi huvunjika kuwa nukta. Lenzi ya dola kumi na tano yenye nguvu ya mara kumi inatosha kuliona hilo. Taa ya urujuanimno nayo husaidia kwa kadi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu karatasi za kisasa huwekwa kemikali za kung'arisha ambazo huwaka buluu chini ya taa hiyo, na karatasi za wakati ule hazikuwa nazo. Kwa mikunjo, usiitazame kadi kwa mbele. Iinamishe chini ya taa moja ukiwa umezima nyingine, na mkunjo uliofichwa kwa kubanwa utajitokeza kama mstari wa kivuli. Kwa toleo la Topps la 1971, lenye fremu nyeusi, kagua kingo kwa makini zaidi, kwa sababu watu huzipaka kalamu nyeusi pale zilipokwanguka.

Zipo pia nakala halali, zilizotengenezwa na Topps yenyewe, ambazo wauzaji wasio waaminifu huziuza kama asili. Mwaka 1983 Topps ilichapa upya toleo lake la 1952, lakini kwa ukubwa wa kisasa wa inchi 2½ kwa 3½, wakati zile za asili ni kubwa zaidi. Mtu mwenye kadi moja rahisi ya 1952 mfukoni hawezi kudanganywa na nakala hizo, na mtu asiye nayo huona tu picha nzuri na jina kubwa.

Nilipokuwa nimekata tamaa kidogo, yule mzee alinisimulia habari ya kadi ya Wagner ambayo PSA iliifungulia dimba kazi yake ya kupima kadi mwaka 1991 na kuipa daraja la 8. Ndiyo kadi iliyokuwa mashuhuri kuliko zote, na mwaka 2007 iliuzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara aliyewahi kuimiliki, alikiri mahakamani kwamba aliipunguza kingo. Kwa hiyo si wageni peke yao waliouziwa mbuzi kwenye gunia. Habari ile ilinifariji, lakini ilinifundisha pia nafasi ya kibao cha plastiki: daraja ni maoni ya mtaalamu, maoni yenye uzito mkubwa sokoni, lakini hayafuti wajibu wa kuitazama kadi yenyewe. Kadi mbili zenye daraja la 3 zinaweza kutofautiana mno. Moja imekaa katikati ya fremu na rangi zake ni hai, nyingine imesukumwa upande na kufifia. Na vibao vyenyewe sasa vinaghushiwa. Kila kibao kina namba ya cheti. Iingize kwenye tovuti ya kampuni iliyoitoa, na picha ikiwepo uilinganishe na kadi iliyo mkononi, doa kwa doa.

Kupeleka kadi kupimwa nako kuna hesabu yake. Kwa kadi ya dola 40 ada na posta hula faida yote, na mimi sasa sipeleki kitu ambacho thamani yake haizidi mara kadhaa ya gharama ya kukipima. Kadi zangu nyingi hazijapimwa na sina haja ya kuzipima.

Kuhusu bei, bei inayotakwa si bei. Kwenye minada ya mtandaoni kuna sehemu ya kuonyesha bidhaa zilizokwisha kuuzwa, na hiyo ndiyo pekee ninayoisoma. Muuzaji anaweza kuweka kadi kwa dola elfu moja ikakaa mwaka mzima bila kuguswa. Natazama mauzo kadhaa ya hivi karibuni ya kadi ileile kwa hali ileile, nayaacha ya juu kabisa na ya chini kabisa. Usisahau nyongeza. Nyumba nyingi za minada hudai nyongeza ya asilimia 20 hivi juu ya dau lililoshinda, kisha kuna kodi ya mauzo na posta, kwa hiyo dau la dola 300 linaweza kukugharimu karibu 400. Ukiuza mtandaoni, mtandao nao hukata zaidi ya kumi kwa mia. Maana yake ni kwamba kadi lazima ipande sana kabla hujapata senti moja, na aliyenunua 2021 kama mimi ameona bei za kadi nyingi zikishuka baadaye. Sitamshauri mtu yeyote aweke humu fedha ya ada ya shule au ya matibabu kwa matumaini ya faida. Nyumbani kwetu tumekubaliana kwamba fedha ya kadi ni ile inayobaki baada ya kodi ya nyumba, chakula na kinachotumwa Tanga, na ikiwa haikubaki, mwezi huo hakuna kadi. Bati za mama zilipanda kwanza kabla sijanunua kadi nyingine ya zaidi ya dola ishirini.

Dau huandikwa kwenye karatasi kabla mnada haujaanza. Saa za mwisho za mnada usiku wa manane zina ulevi wake. Mtu huacha kushindania kadi akaanza kushindana na mtu asiyemjua. Mimi humwambia mke wangu kiasi changu cha juu, na kikipitwa nakwenda kulala.

Kuhifadhi ni rahisi lakini kuna masharti. Kila kadi ivikwe mfuko laini usio na plastiki ya PVC, kisha iingie kwenye kasha gumu, isikazwe. Jua huiua rangi, na unyevu huipinda karatasi. Nilipokwenda likizo Tanga nilichukua kadi kadhaa rahisi kumwonyesha kaka yangu, na hewa ya masika ilizifanya zijikunje kama makuti ndani ya wiki moja. Anayefikiria kuhamishia mkusanyiko wake pwani afikirie kwanza sanduku lisiloingiza hewa na vipakiti vya kunyonya unyevu. Hapa Ohio hatari ni chumba cha chini ya ardhi, ambacho wakati wa kiangazi hutota. Na ukikuta kadi chafu, usiioshe, usiifute kwa kitambaa chenye maji, wala usiibandue gundi kwa nguvu. Doa la nta au la bablishi la mwaka 1956 ni sehemu ya historia yake, na mkono usio na ujuzi hupunguza thamani kuliko doa.

Robinson wangu halisi nilimpata Julai 2024 katika maonyesho makubwa ya kitaifa, yaliyoanza 1980 na ambayo mwaka ule yalikuwa Cleveland, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka kwangu. Alikuwa hajapimwa. Pembe zake zote zilikuwa za mviringo, na mkunjo mmoja ulipita upande wa kushoto bila kuigusa sura yake. Nilimsalimu mwenye meza, nikamwomba ruhusa ya kuitoa kadi kwenye kasha, nikamwonyesha kwamba nimekuja na kadi yangu ya Kansas City ili nipimie. Alitabasamu akanisogezea taa. Nyuzi za ukingo zilikuwepo, rangi ya uzee ilifika mwisho, saini haikuvunjika chini ya lenzi, na uchakavu wa uso ulilingana na wa pembe. Alitaka dola 240. Nilimwambia nina 190 taslimu, akafikiri, akakubali. Nilimlipa chini ya nusu ya nilichompa yule wa kwanza, na safari hii nilikuwa nimeikagua kadi mwenyewe kabla ya kufungua pochi.

Ile iliyokatwa sikuiuza. Ningelazimika kusema ukweli wake, na ikishatoka mikononi mwangu sina hakika mtu wa tatu ataambiwa. Naitumia kufundishia, wale wanaonitumia picha za maboksi huwa nawaalika nyumbani waishike pamoja na zile za kawaida mpaka waone tofauti wenyewe.

Jambo la mwisho ni daftari, na wengi huliahirisha. Kila kadi niliyonayo nimeiandikia toleo, namba, tarehe niliyoinunua, bei niliyolipa pamoja na ada zote, na mahali ilipo. Serikali ya Marekani huhesabu faida ya vitu vya kukusanya kwa kiwango chake, kinachoweza kufika asilimia 28 kwa vilivyokaa zaidi ya mwaka mmoja, na bila kumbukumbu ya ulicholipa huwezi kuthibitisha kwamba faida ilikuwa ndogo. Lakini sababu kubwa ni familia. Wajane wengi huuza mkusanyiko wa mume kwa bei ya kutupa kwa mtu wa kwanza anayebisha hodi. Mke wangu anajua daftari lilipo, na ukurasa wa kwanza unasema asikubali dau la kwanza, asiuze siku ileile aliyoulizwa, na apeleke kadi hizo kwenye meza tatu tofauti, kuanzia na ile ya mzee aliyeninyima Robinson.